Mama wa Redio

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mikono imejaa grisi hadi chini ya kucha, kwa hiyo ukiona alama za vidole kwenye karatasi hii usidhani ni mchuzi. Mguu wako unaendeleaje? Cherehani bado inakata nyuzi? Na yule jirani yako amejenga banda, au kuku wake bado wanakuja kutagia jikoni kwako?

Huu ni mji wa nne tangu mwaka uanze. Kazi ni ileile: mashine ya kusaga imekufa, watu wamekaa juu ya magunia yao ya nafaka wanatutazama kama madaktari, na sisi tunafungua vyuma. Dereva wetu, yule tunayemwita Bwana Taratibu, alitumia siku mbili kwa safari ya siku moja. Anaendesha gari kama mtu aliyepakia mayai. Nimemwambia vyuma havipasuki, akajibu kwamba mgongo wake unapasuka.

Tunalala kwa mwenye mashine, na mkewe anapika maharage kwa namna ambayo sijaiona popote. Anakaanga mbegu za maboga bila mafuta, anazitwanga mpaka zijitoe mafuta zenyewe, kisha anazichanganya na maharage yaliyoiva na kupondwa. Hakuna kitunguu wala nyanya. Nilipoonja nilinyamaza, na wewe unajua mimi kunyamaza ni habari ya kutangazwa. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi. Jaribu siku moja.

Sijauliza habari za mwingine hapo nyumbani. Ukiona vema utaniambia mwenyewe.

Mwanao,
Chiriku

1 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Mguu ni uleule, leo unaniheshimu, kesho unanigomea. Fundi wa cherehani alikuja, akakaa saa nzima, akanywa chai vikombe vitatu, akaondoka na sindano zangu mbili na ugonjwa akauacha palepale. Kuku wa jirani hawatagii tena jikoni. Wamehamia sebuleni.

Huyo unayemwita mwingine ni baba yako, na mimi ni dada yake, kwa hiyo ukitaka habari zake uliza kama mtu mzima.

Maharage nimeyapika. Alikula bakuli zima, akapitisha kidole pembeni, akaniuliza nimejifunza wapi. Nikajikuta nimesema redioni, kuna mama mmoja ana kipindi cha mapishi, anazunguka miji ya watu akiuliza wanapikaje. Usiniulize neno hilo lilitoka wapi. Ningekutaja wewe angeweka kijiko chini, unamjua. Akauliza mbona yeye hajawahi kumsikia huyo mama. Nikamwambia kipindi kinakuja mchana akiwa amelala. Akasema basi kuanzia kesho halali mchana. Nimelazimika kutoa betri na kumwambia redio imeharibika.

Nitafutie mapishi mengine, lakini yawe laini. Meno ya mzee hayako vizuri siku hizi.

Shangazi yako

29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tumehama tena, safari hii tuko karibu na vilima, baridi inaingia mpaka kwenye spana. Bwana Taratibu amenunua koti la mtu mrefu kuliko yeye na anatembea kama kabati. Salamu kwa kuku wa sebuleni.

Nilicheka niliposoma habari za Mama wa Redio, nikacheka mpaka fundi mwenzangu akaja kuangalia. Halafu nikakaa juu ya kiroba cha pumba nikalia. Alipitisha kidole pembeni mwa bakuli! Shangazi, miaka mitatu sasa. Kila ninapowekewa sahani kwenye nyumba ya watu naikumbuka ile niliyoisukuma. Nilitoka kazini mbio, nikafika mmeshamzika mama, saa tatu tu zilizopita, hamkuweza kunisubiri saa tatu. Yeye akaja na sahani, mbele ya watu wote, akasema kaa ule. Nami nikaisukuma ikamwagika kwenye viatu vyake. Mtu aliyepikia watoto wa shule maisha yake yote, nimemwagia chakula chake miguuni. Akasema basi katika nyumba hii hutakula tena. Wanasema ukisusa wenzio wala, lakini siku ile nilisusa na sidhani kama kuna aliyekula.

Sasa anakula changu na hajui. Sijui nifurahi au nifanyeje.

Huku wanachachusha uji wa mtama siku mbili, wakishaupika wanaweka karanga zilizosagwa laini kama siagi. Ni laini, hautaki jino hata moja. Karanga zinaingia uji ukiwa unachemka. Mwambie Mama wa Redio amesema hivyo.

Chiriku

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tu wazima, mvua imenyesha vizuri, jirani amejenga banda hatimaye na sasa kuku hawalitaki. Nimeshona sare za shule kumi na nne na shati moja la mzee, maana mashati yake yote yamekuwa makubwa.

Uji umependwa, nimemwambia kipindi nilikisikiliza kwenye redio ya jirani, lakini umeniletea kazi. Ameniketisha mezani na kalamu. Macho yake hayaoni tena karibu, kwa hiyo yeye anasema mimi naandika, na nisipoandika neno kwa neno ananifanya nisome tena tangu juu. Anataka nipeleke posta, kwa kituo cha redio. Ningefanya nini? Nakuletea wewe.

*Kwa Mama wa Redio,*

*Salamu na heshima. Mimi ni mpishi mstaafu. Nimepika katika shule ya bweni miaka thelathini na mmoja, watoto mia nne kila siku, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa chakula changu, ingawa wapo waliotishia.*

*Uji wako ni mzuri ila una kosa moja. Karanga zikiingia uji unapochemka zinafanya mabonge. Epua kwanza. Hesabu mpaka mia, polepole, ndipo uweke karanga huku mwingine akikoroga. Kama huna mwingine, imba, mkono utafuata. Nilimwambia dada yangu, hakunisikiliza. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, lakini mgonjwa huyu amepika uji miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo ataulizwa.*

*Jambo jingine. Wewe ukieleza chakula unamweleza na mtu aliyekipika, alivyokaa, alivyosema. Si wengi wanaoona hivyo. Inaonekana umelelewa jikoni na mtu aliyekufundisha kutazama. Huyo aliyekulea nampa hongera.*

*Mpishi*

Usiichukulie moyoni sana. Tuma vingine, laini.

Shangazi yako

6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Niko salama. Leo sina habari za Bwana Taratibu.

Mgonjwa gani? Umeandika neno kwa neno na hilo neno umeliandika. Meno hayamfanyi mtu aitwe mgonjwa, wala hayafanyi mashati yake yote yawe makubwa. Anaumwa nini?

Barua yake nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Hongera kwa aliyekulea, anasema. Mimi hajawahi kuniambia hivyo. Nilipokuwa mdogo nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye jiko la shule namtazama, alichoniambia ni sogea utaungua. Nilipokataa kurithi mwiko wake nikaenda kujifunza ufundi, hakuniambia neno mwezi mzima. Sasa mtu asiyemjua anampa maneno yote hayo, na mtu huyo ni mimi. Nasikia raha na raha hiyo inaniuma.

Nimejaribu mara tatu kumjibu kama Mama wa Redio. Naanza vizuri, heshima yako Bwana Mpishi, nimepokea masahihisho yako, halafu mkono unakataa. Siwezi kumwibia baba yangu maneno mazuri kwa kuvaa uso wa mtu mwingine.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, imefungwa. Ni yake. Nimemwambia Mama wa Redio ni nani. Nimemwomba msamaha kwa ile sahani, bila kueleza saa tatu wala nini, msamaha mtupu. Nimemuuliza kama naweza kuja kula. Msomee, Shangazi. Usiipunguze wala usiiongeze.

Kesho tunavuka mto. Kuna mashine sita upande wa pili na hakuna posta, barua zitapitia karakana na Bwana Taratibu atazileta akija na vipuri. Nitasubiri.

Chiriku

10 Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Nashukuru kwa barua yako. Huku ni vumbi tupu, nafua pazia asubuhi, jioni ni la udongo. Cherehani imepona yenyewe bila fundi, nimeamua nisimwambie mtu isije ikasikia. Jirani amechinja yule jogoo mkorofi na akatuletea supu. Mwaka huu viazi vitamu ni vingi sokoni, watu wanagawiana bure.

Barua yako ya ndani imefika.

Kuhusu mzee, koo linamkauka kidogo kwa ajili ya vumbi hili. Daktari amemtazama. Wewe fanya kazi yako kwa utulivu, vyuma havitaki mtu mwenye mawazo, vinakata vidole. Mambo mengine hayaendi kwa haraka, mwanangu, subira ni dawa. Kama huko ng'ambo wana chakula cha kunywa zaidi kuliko cha kutafuna, niandikie upesi.

Kuna kuku mmoja amerudi sebuleni. Nimemwacha.

Shangazi yako anayekupenda

14 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Umemsomea au hukumsomea? Umenijaza ukurasa mzima wa kuku na mapazia. Nataka neno moja, ndiyo au hapana. Kama alisikia akakataa, niambie alikataa. Nitabeba. Kisichobebeka ni hiki cha kutojua.

Huku wanachemsha kiazi kitamu mpaka kiyeyuke, wanakichuja kwa kitambaa, wanatia maziwa na chumvi kidogo sana, kinanyweka kwa kikombe. Mama aliyenionyesha alimnywesha mumewe miezi minne, koo lake lilikuwa limefunga. Alinitazama akaniuliza, "Na wewe unamchukulia nani?" Nikasema baba. Nilipolitamka ndipo nilipoelewa ulichokuwa ukiniomba tangu Machi.

Mto umejaa. Bwana Taratibu anavuka kwa miguu leo kabla daraja halijachukuliwa na maji, amebeba barua hii ndani ya kofia yake. Mimi nimebaki na mashine mbili zilizofunguliwa na watu wasio na unga.

Msomee.

Chiriku

20 Septemba

Mwanangu,

Sijui nianze na salamu ipi. Marahaba ya barua yako ya mwisho naiandika, ingawa shikamoo ile ilinichoma.

Baba yako hatunaye. Alituacha tarehe nne ya mwezi huu, asubuhi, mimi nikimshikia kikombe. Ulikuwa uvimbe kooni. Tulijua tangu Januari. Alinikataza nisikuandikie na mimi nikajificha nyuma ya katazo lake, nikakudanganya meno, nikakudanganya vumbi. Tulipeleka telegramu karakana siku ileile. Wakajibu daraja limekatika na hakuna anayevuka. Tulisubiri siku mbili. Ya tatu wazee wakasema haiwezekani tena. Najua tumekufanyia mara ya pili. Barua yako ya kiazi imenifikia siku sita baada ya kumzika.

Umeniuliza ndiyo au hapana. Hapana. Sikumsomea.

Mwanzoni nilijiambia naokoa tumbo lake. Alikuwa anakula vyako tu, vyangu anavisogeza. Akijua ni vyako akasusa, mimi nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Hiyo ilikuwa sababu, na ilikuwa ya kweli mwezi wa sita. Mwezi wa nane haikuwa kweli tena. Kufikia hapo hakuwa na nguvu za kususa, chakula chenyewe ndicho kilichokuwa kimemsusa yeye. Nilichoogopa ni mimi. Wazazi wetu walipokufa tulibaki wawili, na maisha yake yote aliamini kwamba kuna mtu mmoja duniani asiyemdanganya. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilinitembeza miezi saba na sikupata pa kusimama.

Tarehe ishirini na saba Agosti aliniita tena na kalamu. Sauti ilikuwa imebaki kidogo, nilisogeza sikio. Nakutumia karatasi yenyewe. Madoa ni yangu.

*Kwa Mama wa Redio,*

*Leo si mapishi. Nakuomba msaada. Wewe unatembea, maana mtu aliyekaa mahali pamoja hawezi kuyajua majiko yote hayo. Mimi nina binti. Ni fundi wa mashine za kusaga, mfupi, mwenye maneno mengi. Ukifika mji ambao mashine imeharibika, uliza, huenda ndiye aliyeitwa.*

*Siku tuliyomzika mama yake nilikuwa nimepika tangu alfajiri ili nisilie. Nikampa sahani akaisukuma. Nikaona sahani tu, sikumwona mtoto. Nikasema neno ambalo mzazi hasemi. Tangu siku hiyo nasubiri aje anijibu, nimtukane kidogo, kisha tule. Hakuja. Naye huenda anasubiri niite. Sisi wote tuna vichwa vigumu kama chungu.*

*Ukimwona mwambie jiko liko wazi. Usimwambie naumwa. Sitaki aje kwa sababu nakufa. Nataka aje kwa sababu ana njaa.*

*Nijibu upesi.*

*Mpishi*

Nikaandika yote hayo, Chiriku. Na jibu lake nilikuwa nalo, kwenye droo ya cherehani, hatua nne kutoka kitandani kwake. Nilinyanyuka. Nilifika mpaka kwenye droo. Nikasema kesho, akipata nguvu. Kila asubuhi aliniuliza, "Mama wa Redio amejibu?" Na mimi namwambia posta, kaka, unaijua posta. Mara saba aliniuliza. Ya nane hakuuliza.

Sikuombi unisamehe, sina uso huo. Barua yako bado imefungwa vilevile. Niambie nikurudishie au niifanye nini.

Shangazi yako

2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni ya tatu kuiandika, mbili za kwanza nilizikata kwa kalamu.

Barua yako nilipewa mkononi na Bwana Taratibu. Aliposikia daraja limeshikizwa kwa mbao, alikuja mbio, yeye, kwa mara ya kwanza maishani, gari likavunja taa zote mbili. Aliijua habari kutoka karakana. Alikaa chini nje ya mashine akanisubiri nimalize kusoma.

Sitakupamba. Umenikosea, na umemkosea yeye zaidi. Aliniomba mimi nimtafute binti yake, ambaye ni mimi, na mimi nilikuwa ndani ya droo. Nimesaga meno juu ya hilo wiki nzima. Nikifunga nati nakuona umesimama mbele ya ile droo, nakuambia fungua, fungua, na hufungui.

Lakini nikikuhesabia hatua zako nne lazima nihesabu zangu pia. Nilijua tangu Juni kwamba anaumwa. Nilikuwa na miguu, na upande ule wa mto magari yalikuwepo. Nikaandika barua, nikaifunga vizuri, nikakutwisha wewe, nikavuka. Kuandika kulikuwa rahisi kuliko kusimama mlangoni kwake. Niliogopa kama ulivyoogopa, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na mtu wa kuniuliza kila asubuhi.

Siku mbili baada ya barua yako sikula. Mama mwenye nyumba aliweka sahani, nikatoa shukrani, sahani ikarudi ilivyo. Siku ya tatu akaketi karibu nami akaniambia, "Mwanangu, huyo uliyempoteza, kama angekuwepo angefurahi kuiona hiyo sahani ikirudi?" Sikuwa nimemwambia baba alikuwa mpishi. Nikala, Shangazi. Machozi yakitoka, nikala mpaka nikamaliza, nikaomba tena.

Nakuja. Tunaondoka Jumatatu, hesabu siku tano, au nane kama Bwana Taratibu amerudia akili zake. Barua yangu usiirudishe wala usiichome. Tutaenda nayo makaburini, wewe utaifungua, na utamsomea kama nilivyokuomba, neno kwa neno, kwa sauti. Sijui kama itasaidia kitu. Utaisoma tu.

Sijakusamehe. Nakwambia mapema kwa sababu uongo umetutosha katika nyumba hiyo. Nitakusema, na nitakusema siku nyingi, na wewe utakaa unisikilize. Usinipikie chochote nilichokutumia kutoka safarini. Pika unachopika kila siku, hata kikiungua. Weka sahani mezani unisubiri.

Nitafika nina njaa.

Mwanao,
Chiriku